Dominiko na Maji ya Viyoyozi

Simu ya Herbert iliingia saa nne usiku, siku ya Alhamisi, mwezi wa kumi na moja mwaka 2015. Nilikuwa nimekaa kitandani nikikunja nguo za watu nilizozipiga pasi. Herbert ni Mganda aliyekuwa akilinda jengo moja na Dominiko kule Lusail, nje kidogo ya Doha, na hakuwa mtu wa kunipigia usiku.

"Mama Phoebe," akasema, "Dominiko amekula nini huko kwenu?"

"Kwa nini?"

"Amekula nini, nakuuliza. Anaongea na watu ambao mimi siwaoni. Amevua shati. Ameingia barabarani na chupa ya maji, anamwagilia lami. Eti miche inakauka."

Nikamwambia amshike, amkalishe chini.

"Nimemshika mara mbili, ananiponyoka. Ngoja. Mama, gari la polisi limesimama. Nitakupigia."

Hakupiga. Nilipompigia mimi, simu iliita mpaka ikakatika. Ya Dominiko ilikuwa imezimwa.

Tulikuwa watu kumi na mmoja katika vila moja ya Abu Hamour, vyumba vikiwa vimegawanywa kwa mbao nyembamba hivi kwamba mtu akigeuka kitandani jirani yake anajua. Nina tabia ya kuhesabu watu wanaporudi. Nikisikia geti nasema moyoni, huyo Kevin, huyo Githinji, huyo Velma wa hoteli. Silali mpaka wa mwisho aingie, na wale wa zamu ya usiku nawahesabu alfajiri. Usiku ule niliketi na simu mapajani. Mdomo ulikauka nikanywa jagi zima la maji, ukabaki mkavu vilevile. Moyo ulinienda mbio. Nilipojaribu kusoma majina kwenye simu, herufi zilitambaa kama siafu, nikawa naisogeza mbali na macho, naisogeza tena. Nikajiambia ni hofu. Mimi ni mtu wa hofu, na hofu nimeizoea.

Alfajiri ilipofika nilikuwa nimehesabu watu kumi.

Dominiko alikuwa mtu wa Funyula huko Kenya, karibu na ziwa, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. Kabla ya kuja Doha alifanya kazi miaka tisa kwenye kitalu cha miti cha parokia yao, akijaza udongo kwenye vifuko vya plastiki na kupanga miche kwa safu. Alikuja mwaka 2011 kuwa mlinzi. Kazi ya ulinzi ni kukaa, na yeye kukaa kulimtesa. Alikuwa akisema kwamba kwenye zamu anaanza kuhesabu matofali, akimaliza anaanza upya kutoka upande wa pili.

Nyuma ya vila yetu palikuwa na kipande cha ardhi, upana wa hatua nane na urefu wa hatua thelathini, kimejaa vigae vilivyovunjika na majokofu mabovu. Dominiko alimwomba Githinji, ambaye ndiye aliyeikodi vila kwa mwenye nyumba kisha akatukodisha sisi vyumba, naye akamwuliza mwenye nyumba. Mzee yule akaja siku moja, akaangalia, akasema pawe safi tu. Ikachukua wiki sita kuondoa takataka. Chini yake palikuwa na mchanga wenye chumvi, mweupe ukikauka.

Maji ya bomba hatukuthubutu kuyatumia, Githinji angetukatia. Hapo ndipo Dominiko alipoanza kuangalia viyoyozi. Kila kiyoyozi kina kibomba kinachodondosha maji nje ya ukuta, na msimu wa unyevu kibomba kimoja kinaweza kujaza dumu la lita ishirini kwa usiku mmoja. Ni maji yasiyo na chumvi hata kidogo. Aliweka dumu chini ya kila dirisha letu. Kisha akaenda kwa mzee wa Kisudani wa nyumba ya pili, akaenda kwa wanawake wa Kifilipino walioishi ng'ambo, akaenda kwa Mhindi wa Kerala mwenye duka la pembeni, akiomba kila mmoja amruhusu aweke dumu chini ya kiyoyozi chake. Walimcheka. Mwezi wa pili madumu yalikuwa kumi na tisa katika uchochoro wetu, na wenyewe wakawa wanayaleta hadi mlangoni wakimwita, "Dominiko! Maji!"

Alikuwa akitembea ameinamia kushoto kwa sababu ya kubeba dumu kwa mkono wa kulia. Samadi aliifuata alfajiri kwenye soko la mifugo, akiisukuma kwa toroli la dukani lenye gurudumu moja bovu. Wafilipino walitoa maganda ya jikoni. Mhindi alitoa maboksi. Shuka kuukuu za hoteli alizoleta Velma zikafungwa juu kama kivuli. Mwaka wa pili tulikuwa na sukuma wiki, kunde, mchicha, managu ambayo wengine huyaita mnavu, na bilinganya ndogo za Wafilipino. Nje, kwenye uchochoro wenyewe uliokuwa wa rangi ya vumbi kutoka mwanzo hadi mwisho, akapanda miarobaini sita na mlonge mmoja. Mzee wa Kisudani akahamishia kiti chake chini ya mwarobaini wa kwanza kabla haujampita kimo.

Kila Ijumaa asubuhi, siku ya mapumziko, watu walikuja na sinia zao. Hatukuuza. Tulivuna pamoja, tukapika sufuria moja kubwa, kilichobaki kikagawanywa. Na Dominiko alikuwa na sheria moja aliyoileta kutoka kitaluni: hakuna kuchuma peke yako, hakuna kuchuma gizani, na majani yote yamwagwe kwenye sinia yapitiwe na macho ya watu wawili kabla ya kuingia sufuriani. Mmoja wa hao wawili alikuwa yeye, wa pili mimi, maana nilikulia Kisii na managu nayajua tangu sijajua kusoma.

Kevin, kijana wa kuosha magari, alikuwa akimtania. "Mzee, hii ni mboga ama ni uwanja wa ndege? Mbona tunakaguliwa hivi?"

"Wewe ndiye nitakukagua mfuko," Dominiko alimjibu. "Juzi nyanya zilikuwa sita, ulipopita zikabaki nne."

"Nyanya zenyewe ndizo zilinifuata."

Hivyo ndivyo Ijumaa zetu zilivyokuwa.

Herbert alipiga saa moja asubuhi. Dominiko alikuwa kituo cha polisi. Alikuwa amepelekwa kupimwa damu na mkojo, akarudishwa, bado akichezea hewa kwa vidole. Polisi walifikiri ni dawa za kulevya. Kampuni yake ilituma mandubu, yule mtu wa kushughulikia karatasi za wafanyakazi, naye alisimama mlangoni dakika tano, akasema huyo si mtu wao tena.

"Dawa gani?" nikauliza. "Dominiko hata sigara hajui."

"Mimi najua, mama. Wewe unajua. Lakini mtu asiyemjua akimwona angesema nini? Mtu mzima, kifua wazi, anamwagilia barabara."

Saa mbili Gakii akaingia na sinia yake. Gakii ni muuguzi kutoka Meru, aliyekuwa akija kila Ijumaa moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, bado na viatu vyake vyeupe. Nikaanza kumweleza. Hakunisikiliza. Alikuwa akinitazama usoni.

"Geukia dirishani," akasema.

Nikageuka. Mwanga ulinichoma.

"Aunty, macho yako yamefunguka yote. Cheusi kimekula rangi yote. Toa ulimi." Akanishika mkono, akahesabu mapigo. "Jana ulikula nini?"

Sasa niseme nilichofanya.

Dominiko alikuwa amefanyishwa zamu mbili mfululizo kwa siku nne, kwa kuwa mwenzao mmoja aliumwa. Alikuwa akirudi, analala saa tatu, anaondoka. Hakuwa ameingia shambani hata kupalilia. Alhamisi ile jioni, jua likiwa limeshazama, nilimkuta amekaa kwenye ngazi akifunga kamba za viatu, usingizi umemjaa, na bakuli lake la kubebea chakula likiwa tupu kando yake. Nikamwambia asubiri dakika ishirini. Nilikuwa na mafua, nimetoka kusafisha nyumba mbili Al Thumama, mgongo unaniuma. Nikatoka nyuma peke yangu, nikachuma managu kwa vidole tu, jinsi tunavyochuma nyumbani, vile vichipukizi laini vya juu. Nilichuma upande wa rundo la samadi kwa sababu ndiko yalikokuwa manene. Sikuyamwaga kwenye sinia. Niliyaosha, nikayatia na kitunguu, nikaonja chumvi mara moja, nikaongeza, nikaonja tena. Yalikuwa kidogo, ya kumtosha mtu mmoja. Nikampakulia yote na ugali.

Alisema, "Asante mama. Umeyapitia?"

Nikasema, "Nimeyapitia."

Gakii alinishika mkono tukaenda nyuma. Hatukutafuta sana. Kando ya rundo la samadi, katikati ya managu, palikuwa na mimea mitatu iliyofanana nayo kama ndugu wa baba mmoja, ila majani yake yalikuwa mapana zaidi, yenye meno makubwa, na mmoja ulikuwa umeanza kutoa ua jeupe lililojikunja. Vichipukizi vyote vilikuwa vimekatwa na vidole vyangu. Gakii akafikicha jani, akaninusisha. Hata kwa mafua yangu nilisikia ile harufu mbaya, kama karanga zilizooza. Ni mnanaha. Kwetu unaota kwenye mazizi ya ng'ombe, wenye ua la tarumbeta, na kila mtoto anajua asiuguse. Mbegu yake ilikuja na samadi. Dominiko angepita hata mara moja wiki ile, angeung'oa kabla haujatimiza kimo cha kidole.

"Wewe ulionja," Gakii akasema. "Yeye alikula bakuli."

"Atakufa?"

"Kama alfajiri alikuwa anatembea, hafi. Lakini mashine zao zinatafuta dawa zinazojulikana. Hii sidhani kama wataitafuta mpaka mtu awaambie."

Wakati huo watu walikuwa wameanza kuja na sinia. Githinji alitoka chumba cha mbele, ambako aliishi na mkewe na mtoto wa mwaka mmoja, akasikiliza habari yote akiwa amesimama. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga.

"Sikizeni," akasema. "Dominiko akiulizwa anaishi wapi, atasema. Akiulizwa alikula wapi, atasema. Wakija hapa watakuta nini? Vyumba vya mbao. Watu wasio na karatasi. Na majani ya kumtia mtu wazimu, yamepandwa kwa safu, yanamwagiliwa maji. Hiyo mtaiita kesi ya mboga?"

"Lakini ni managu, bosi," Kevin akasema.

"Waambie wewe. Kwa Kiarabu."

"Hiyo mimea ni mitatu tu," nikasema. "Tung'oe hiyo mitatu."

"Na wewe unaijua?" Githinji akanigeukia. "Mama Phoebe, unaijua? Si wewe ndiye jicho la pili hapa?"



Velma alilia. Alisema shuka ni za hoteli, akionekana nazo atafukuzwa, akaanza kuzifungua mwenyewe kwa meno pale mafundo yalipokuwa yamekaza. Baada ya hapo hakuna aliyengoja kuambiwa. Waling'oa sukuma kwa mashina. Waling'oa kunde zikiwa na maua. Wanawake wawili wa Kifilipino walisimama na sinia zao tupu wakiuliza kuna nini, na tulipowaambia waligeuka wakaondoka haraka, bila kuchukua bilinganya zao. Nami niling'oa. Nilianza na tuta la managu na nikaendelea mpaka mwisho wa ukuta, kucha zikiwa zimejaa mchanga. Kevin alibeba magunia hadi kwenye pipa kubwa la taka, safari saba. Madumu yalimwagwa, yakaviringishwa barabarani. Mzee wa Kisudani alichungulia juu ya ukuta, akasema kwa Kiarabu chake cha polepole kwamba leo tunavuna sana.

Kazi ya miaka minne iliisha kabla ya swala ya Ijumaa. Miarobaini ya nje iliachwa, kwa kuwa hiyo polisi wasingejua ni ya nani.

Gakii peke yake hakung'oa. Alikuwa amekata mapema shina moja la mnanaha, lile lenye ua, akaliviringisha kwenye gazeti bichi na kulitia mfukoni mwa koti lake. Alinifuata jikoni nikinawa.

"Nitaenda nalo kituoni," akasema. "Lakini jani mtu anaweza kuliokota popote. Wataniuliza nani alilichuma, nani alilipika, nani mwingine alikula. Wewe unalo jibu machoni. Na macho yako yanaweza kurudi kawaida leo usiku au kesho. Yakirudi, imebaki hadithi."

"Wataniomba kitambulisho."

"Watakuomba."

Hakusema neno la kunipoza, nami nilishukuru. Mimi nilikuwa kemboi, ndivyo tulivyowaita waliomkimbia mwajiri aliyewaleta. Nilitoka kwenye nyumba yake mwaka 2011 kwa mlango wa nyuma, nikaacha pasipoti, na tangu siku hiyo nilisafisha nyumba za watu kwa saa. Nilijua kila kona ambako polisi husimama. Niliporudi kila jioni nilipita uchochoro badala ya barabara kuu. Kitambulisho changu kilikuwa kimekufa. Na nyumbani, Phoebe alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko, na hakuwa na mtu mwingine wa kumlipia ila mimi.

Nilimpigia Phoebe. Sikujua nataka kumwambia nini.

"Mama, mbona sauti imekauka hivyo?"

"Nimekula pilipili."

"Wewe na pilipili! Umeanza lini?" Akacheka. Akaniambia wanaanza mazoezi ya kufundisha mwezi wa kwanza, amepangiwa darasa la tatu, ana hofu watoto watamcheka. Nikamwambia watoto hawamcheki mtu anayewatazama machoni. Nikakata simu.

Nilikaa. Nikasimama mbele ya kile kioo kidogo cha bafuni, nikajitazama. Macho yalikuwa meusi kama ya paka usiku. Nikahesabu moyoni: yatakaa hivi saa ngapi? Nilimwomba Mungu yarudi upesi, nisiwe na la kuonyesha. Nasema kweli, niliomba hivyo.

Saa nane mchana Herbert akapiga tena. Alikuwa ameruhusiwa kumpelekea Dominiko shati.

"Akili imeanza kurudi," akasema. "Amenitambua. Ameniuliza leo ni siku gani."

"Amewaambia nini?"

"Hapo ndipo penye shida, mama. Wanamwuliza alikula nini, kwa nani, anaishi wapi. Anasema alikula mkate wa dukani. Anasema analala pale kazini, hana pengine. Nimemnong'oneza, wewe sema ukweli, sema mboga. Amesema, 'Mkate.' Jumapili faili inaondoka kwenda kwa mwendesha mashtaka, na mandubu anataka kutia sahihi kwamba walishamshuku siku nyingi."

Tulikuwa tumeshamaliza kung'oa. Mchanga ulikuwa mtupu, na Githinji alikuwa anaumwagia maji ya bomba kufuta nyayo.

Nilivaa lile gauni la kanisani. Nilimpigia Gakii, ambaye alikuwa amejilaza kidogo kwake, nikamwambia anichukue. Githinji alisimama mlangoni.

"Mama Phoebe, tafadhali," akasema kwa sauti ya chini. "Mtoto wangu."

"Vila sitaitaja," nikamwambia. "Nitasema nilipanda kwenye ndoo, kwenye nyumba niliyokuwa nasafisha, na sikumbuki ni ipi."

"Watakubali?"

"Sijui."

Akasogea, nikapita.

Gakii alinipeleka kwanza hospitali, kwa daktari, si kituoni. Daktari alikuwa Mmisri mnene mwenye haraka, lakini alipomulika macho yangu haraka ikamwisha. Akalifungua gazeti, akalitazama ua, akalinusa, akavuta kichwa nyuma. Alimwuliza Gakii maswali mengi kwa Kiingereza ambayo sikuyafuata yote. Aliandika ukurasa mzima, akapiga muhuri, akaandika namba yake ya simu chini. Walipouliza kitambulisho, Gakii aliwaandikia jina langu kamili kwa mkono: Kwamboka, na jina la baba yangu. Nilikuwa sijaliona limeandikwa miaka minne.

Kituoni tulifika alasiri. Ofisa alikuwa kijana, mwenye adabu. Alisoma karatasi mara mbili. Akatoa simu yake, akawasha tochi, akanimulika jicho moja, kisha la pili, nami nilijilazimisha nisifumbe ingawa machozi yalitoka. Akampigia daktari. Wakazungumza Kiarabu muda mrefu.

Gakii alinitafsiria. "Anauliza ni nani aliyepika."

"Mimi."

"Anauliza Dominiko alijua?"

"Hakujua. Aliniuliza kama nimeyapitia, nikamdanganya."

"Anauliza kwa nini ulidanganya."

"Nilikuwa nimechoka."

Ofisa akaandika. Akaniuliza mboga ilitoka wapi, nikasema habari yangu ya ndoo. Bila shaka hakuniamini, lakini hakuuliza tena. Kisha akanyoosha mkono wazi juu ya meza, na sikuhitaji kutafsiriwa.

"Sina," nikasema.

Gakii aliambiwa aende nyumbani. Aliniachia sweta yake.

Nililala siku mbili katika chumba cha wanawake. Macho yalirudi Jumamosi mchana, nikaanza tena kusoma maandishi madogo kwenye chupa ya maji. Hakuna aliyeniambia kama kulikuwa na maana. Nilimwuliza kila askari wa kike aliyeingia, kwa Kiarabu changu cha jikoni, "Dominiko? Yule Mkenya mrefu?" na kila mmoja aliinua mabega.

Jumapili asubuhi walinitoa kuchukuliwa alama za vidole, hatua ya kwanza ya kurudishwa nyumbani. Chumba kile kilikuwa karibu na mapokezi, na mlango wake ulikuwa na kioo kidogo, kama ukubwa wa daftari. Nilikuwa nimesimama na vidole vyangu juu ya mashine nilipomwona kupitia kioo. Alikuwa amevaa shati la Herbert, fupi mikononi. Mandubu alikuwa kando yake na mfuko wa plastiki wenye vitu vyake, anaangalia saa. Ofisa yule kijana alisukuma karatasi juu ya kaunta, Dominiko akatia sahihi, polepole, kama mtu anayejaribu kama mkono bado ni wake. Baadaye nilisikia kwamba kesi ilifutwa na kazi haikurudishwa, akapewa wiki mbili za kuondoka nchini.

Niliinua mkono kubisha kwenye kioo. Askari wa kike akaniambia nitulie, hajamaliza kidole gumba. Lakini si yeye aliyenizuia. Nilimjua Dominiko. Kama angeniona ndani, angerudi kaunta, akaanza kueleza, na ili anilinde angeanza na mkate, na mkate ungewarudisha mwanzo. Nikaushusha mkono, nikauweka palipotakiwa.

Aliangalia huku na huku mara moja, upande wa viti vya wageni, kama anayetafuta mtu aliyekuja kumchukua. Herbert alikuwa kazini. Askari wa mlangoni alibonyeza kitufe ukutani. Mlango wa nje, mzito, wa chuma, uliguna ukaanza kufunguka, mwanga mkali ukaingia hadi katikati ya sakafu, na Dominiko akauingia.